Lubugo ya Mteja Asiyepokea Simu

Simu ilikuwa inaita ndani ya nyumba.

Wiki iliyopita nilikuacheni hapo, na nimekiona cha moto. Mama mmoja alinisimamisha soko kuu la Bukoba, kapu mkononi, akaniuliza mimi ni mtu wa namna gani kumwacha binti wa watu uani na simu sikioni. Fundi wangu wa viatu amekataa kunisalimia. Wengi wenu mmeniandikia mkiapa kwamba mwenye simu mnamjua, ni Avit, kaka mtu, anakitaka kibanja, shamba la migomba la baba yao. Haya. Twendeni ndani tukaone, halafu tutaulizana nani amwombe nani radhi.

Kwa aliyeungana nasi leo: Joanitha yuko Kamachumu, uani kwa wazazi wake. Amempigia mteja wake wa kwanza, yule aliyelipia nguo ya kuzikia, ambaye hajawahi kupokea simu hata mara moja, anajibu kwa ujumbe tu. Alitaka kumwambia mzigo unakaribia kuwa tayari. Na simu ya mteja inaita chumbani kwa baba yake.

Aliingia bila kuvua viatu. Mlio ulitoka kwenye koti jeusi la Mzee Ildefons, lile la kanisani, lililoning'inia nyuma ya mlango. Akaingiza mkono mfukoni. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, mpya, na kwenye kioo liliandikwa jina la anayepiga: JOANITHA BIASHARA.

Akakaa kitandani.

Ngojeni niwakumbushe haraka tulifikaje hapa, maana mkikosa hili hamtaelewa kwa nini alikaa.

Joanitha alikuwa muuzaji katika duka la vitenge la Bi Sada, pale Bakoba, mtaa wa Bukoba mjini. Bi Sada ni mama wa mjini, anauza dukani na anauza mtandaoni, na hana subira na ndoto za watu. Joanitha alipomwambia anataka kuacha kazi auze lubugo mtandaoni, ile nguo ya gome la mti wa mutoma anayoigonga baba yake, Bi Sada hakumcheka. Alimwambia afanye utafiti kwanza. Ajue nani ananunua, ananunua ya nini, ananunua lini, na akishalipia kazi na usafiri kama kitabaki chochote. Akamwonya asichukue sifa akadhani ni soko, kwa sababu watu wetu wanasifu kila kitu na sifa hazilipi kodi ya fremu.

Ikawa kama alivyosema. Joanitha aliweka picha za mikoba na mapambo ya lubugo kwenye magrupu ya WhatsApp ya Wahaya wa Dar es Salaam, wa Mwanza, na walioko ng'ambo. Sifa zikamiminika. Wakaandika jamani utamaduni wetu, wakaandika hongera dada, wakaweka mioyo myekundu. Hakuna aliyenunua hata mkoba.

Ndipo akauliza swali ambalo binti wa Kihaya hakupaswa kuliuliza. Kwao, mzee anapozikwa kibanjani, hata padri akishabariki na sanduku likiwa la gharama, ndani yake mzee anafunikwa lubugo. Joanitha akaandika kwenye grupu kubwa kuliko yote: ungependa kuagiza mapema lubugo ya kumsitiri mzee wako? Kisha watu wakaanza kutoka kwenye grupu mmoja mmoja, na bwana mmoja wa Tabata akamwuliza kama anamwombea baba yake kifo.

Lakini simu zilikuja baadaye, na kila iliyokuja ilikuja imechelewa. Mwili unaondoka Dar kesho asubuhi, mna lubugo? Mwili uko kwenye boti unatoka Goziba, mna lubugo? Hapakuwa nayo, na kuitengeneza si kazi ya siku moja. Joanitha akamwambia Bi Sada soko lipo, tatizo ni kwamba wateja wanabisha hodi msiba ukishaingia ndani. Bi Sada akasema dawa yake ni kuweka akiba. Na hapo ndipo Mzee Ildefons alipogoma kabisa. Alisema hagongi lubugo isiyo na mwenyewe. Baba yake hakufanya hivyo, na yeye hataanza uzeeni.

Kwa hiyo siku ilipoingia oda imelipwa yote kwa wakala wa Kamachumu, na maelezo yake yakawa "Mzee, yu hai, mrefu, sina haraka lakini msichelewe," Joanitha aliruka dukani mpaka wanunuzi wakageuka. Yupo mtu anayeagiza kabla! Aliaga kazi wiki hiyohiyo. Akapanda Kamachumu na oda yake, akampa baba yake. Mzee aliuliza kitu kimoja tu, kama mteja amelipa. Akaambiwa amelipa yote. Akasema basi atamgongea.

Tangu hapo binti akawa wa kumhimiza. Kila asubuhi ni Taata, mteja anasubiri. Akamrekodi video akimenya gome, akamwambia atabasamu kidogo, watu wa mtandaoni hawapendi fundi aliyenuna. Mzee akatabasamu, na video ikarushwa, chini yake binti ameandika kwamba ni oda ya mzee aliye hai.

Hayo yote yalimrudia Joanitha pale kitandani, simu ya baba yake ikiwa mkononi.

Wa kwanza kumfikiria alikuwa Avit, sawasawa na ninyi. Akampigia, Muleba mjini. Hakumsalimu. Alimwuliza ni nani aliyeagiza nguo ya kumzikia baba yao akiwa bado anakula, na kama kibanja ameshakitafutia mnunuzi.

Joanitha alisikia mikwaruzo akadhani mtandao unakatika. Kumbe ni Avit analia. Alisema simu kweli amemnunulia yeye, mzee mwenyewe aliiomba, na akamfundisha kuandika ujumbe kwa kidole kimoja. Alidhani anataka kuandikiana na wazee wenzake wa kanisani. Habari ya lubugo hakuijua. Alichokijua ni kwamba mwezi wa pili mzee alianza kutema damu, akampeleka hospitali, na daktari akamwita yeye pembeni.

"Alinikataza kukwambia," Avit alisema. "Alisema Joanitha ana utafiti wake, asisumbuliwe."

Haya, ninyi mliomtukana Avit barabarani na kwenye simu yangu, radhi zenu ziko wapi?

Nje, kutoka bandani, nyundo ilikuwa inalia. Kama hujawahi kusikia lubugo ikigongwa, ni mti juu ya mti, mfululizo, na mgongaji mzuri hapotezi mdundo hata mtu akimsalimu. Mdundo wa Mzee Ildefons siku hiyo ulikuwa unaanza, unasimama, unaanza. Joanitha aliusikia tangu asubuhi akadhani baba anapumzika.

Alimkuta amepiga magoti mbele ya gogo. Gome lilikuwa limeshaanza kutanuka, lina maji, jekundu kama udongo wa njia ya Kamachumu. Shati lilimganda mgongoni. Joanitha akaiona shingo yake ilivyokonda, akajiuliza siku zote zile kwenye kamera alikuwa anaangalia nini.

"Taata, simu yako ilikuwa inaita."

"Niliisikia," mzee akasema. "Nilikuwa na kazi ya mteja mkononi."

Aliweka nyundo chini taratibu, akageuka. Hakuwa na uso wa mtu aliyekamatwa. Alisema alipanga kumwambia mwenyewe mzigo ukishakamilika, asingemwacha agundue hivi. Akaeleza kwamba jioni moja alimsikia akimlalamikia mama yake jikoni, sauti imemkauka, kwamba utafiti wote umeonyesha hakuna Mhaya hata mmoja anayeweza kuagiza kabla ya kifo, na biashara imekufa haijazaliwa.

"Nikasema yupo mmoja," mzee akasema. "Ningekupa hela ungezikataa. Mteja usingemkataa."

"Taata, nilikuwa nakuharakisha."

"Ulinihudumia vizuri. Uliniita ndugu mteja." Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, akajifuta mdomo na kukikunja kitambaa haraka. "Ukaniandikia karibu tena."

Kweli alikuwa ameandika. Ndugu mteja, mzigo wako unaendelea vizuri, ahsante kwa kutuamini, karibu tena. Bi Sada ndiye aliyemfundisha kumaliza hivyo kila ujumbe. Joanitha alishika nguzo ya banda akalia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo, bila kujali nani anasikia, na mimi ninayewasimulia sina la kuongeza hapo.

Alipopata maneno alisema oda imefutwa. Atarudisha hela yote, na kesho wanakwenda Mwanza kwenye hospitali kubwa. Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza. Akamwambia Mwanza wameshakwenda, yeye na Avit, wiki ile walipoaga kwamba wanakwenda arusini Ngara. Kisha akanyoosha mkono kuichukua nyundo, na mkono ukakataa. Vidole vilifika kwenye mpini vikashindwa kufumba.

Alijaribu tena. Nyundo ikaangukia kwenye nyasi.

Sasa hapa ndipo palipo na shida yenyewe, naomba mnielewe. Gome likishaanza kugongwa haliachwi. Linagongwa lingali na maji. Likikauka katikati ya kazi linakuwa gumu na kupasuka, na mti wenyewe haumenywi tena mpaka uote gome jingine, mwakani. Nusu ya lubugo ya Mzee Ildefons ilikuwa imeshakuwa nguo. Nusu ilikuwa bado gome. Jua lilikuwa limeanza kuingia bandani. Avit hajawahi kushika nyundo maishani mwake, na katika ukoo ule wanawake hawagongi.

Joanitha akaona amepata njia ya kumzuia baba yake asife. Najua, najua, na mimi najua kifo hakizuiliwi hivyo. Yeye saa ile hakujua. Alisema lubugo isipokamilika hakuna wa kuzikwa. Akakaa chini, akafumbata mikono, akasema acha ikauke.

Mzee aliegemea nguzo akafumba macho. Kingo za gome zikaanza kupauka.

Aliyekuja ni mama. Ma Joviana, mfupi kama alivyo, alitoka kibanjani na ndoo ya maji, akaingia bandani, akaanza kunyunyiza maji juu ya gome kwa kiganja, polepole, kama anayenyunyizia miche ya kahawa. Joanitha akamwomba aache. Hakuacha.

"Maawe, kumbe na wewe unajua?"

"Mashuka yake nayafua mimi," mama akasema. "Ningekosaje kujua?"

Akaendelea kunyunyiza. Alisema, bila kuinua macho, kwamba mwanzoni na yeye alikataa, alimwachia mzee chakula mezani akaenda kulala bila kumsemesha, akatishia kwenda kukaa kwa dada yake. Halafu akachoka kukataa, kwa sababu kila akiamka alimkuta mume wake amekonda zaidi na kukataa kwake hakujamwongezea nyama.

"Baba yako amewasitiri wazee wa kilima hiki chote," akasema. "Baba yangu mimi alimgongea yeye. Wewe unataka yeye tumfunike blanketi la dukani?"

Joanitha alitazama nje, kwenye mti wa mutoma uliosimama karibu na migomba, umefungwa majani ya mgomba kutoka chini mpaka kwenye matawi ili gome jipya liote. Mzee alipomaliza kuumenya aliufunga kwa makini, akakaza kamba, akarudi kukaza nyingine, kama mtu atakayekuja kuumenya tena. Joanitha alilirekodi na hilo. Alikuwa amelipenda sana.

Akainama, akaiokota nyundo.

Mzee alifumbua macho. Ungedhani atamkataza. Alimwambia hiyo ni ya kuanzia, achukue ile yenye mifereji myembamba, na asigonge kwa nguvu za bega, mkono ufuate uzito wa nyundo wenyewe. Mambo ya ukoo na wanawake hayakutajwa na yeyote, siku ile wala baadaye.

Akagonga. Mwanzoni alipiga ovyo, akatoboa tundu pembeni, akaitupa nyundo akasema ameiharibu. Mzee akasema tundu linashonwa, lubugo ya baba yake ilikuwa na mawili. Akaiokota tena. Malengelenge yalimtoka viganjani, yakapasuka, akafunga kitambaa akaendelea. Mama ananyunyiza, baba anaelekeza, na sauti ya baba ikawa inapungua mpaka ikabaki kidole tu, kinaonyesha hapa, na hapa. Majirani waliosikia walijua mdundo ule si wa Ildefons. Hakuna aliyekuja kuuliza. Joanitha alikuwa analia huku anagonga, na machozi yaliyoanguka kwenye gome aliyagonga humohumo.

Jua lilipolegea waliitandaza lubugo kwenye nyasi na kuibana kwa mawe pembeni. Ilikuwa laini, pana, na urefu wake ulimtosha mtu mrefu. Joanitha akamrudishia baba yake simu yake, akaitia mfukoni mwa shati lake, akageuka aende kunawa damu mikononi. Mzee akamwita.

"Mteja hajaarifiwa," akasema.

Joanitha alidhani anatania, naye hakuwa anatania. Ikabidi atoe simu yake mwenyewe na kuandika kwa vidole vilivyochubuka: Ndugu mteja, mzigo wako uko tayari. Hakuandika karibu tena. Simu ndogo ikalia mfukoni mwa baba yake, palepale mbele ya macho yake. Mzee akaisoma. Akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, na ilichukua muda, na mke wake na binti yake walisimama wakimsubiri bila kumsaidia. Jibu likaingia.

Nimepokea. Kazi nzuri. Nitawaambia wengine.

Walimlaza kwenye mkeka kivulini, akapitiwa na usingizi. Joanitha alikaa kando yake akikitazama kifua kikipanda na kushuka. Ma Joviana aliinama, akamfunika mume wake kitenge, akamweka vizuri kichwa, akaenda zake jikoni.

Bi Sada akapiga. Alikuwa na furaha ambayo Joanitha hajawahi kuisikia kwake. Video ya mzee anayetabasamu imesambaa, watu wanamwandikia yeye, wanauliza kama ni kweli kuna mzee aliye hai ameagiziwa ya kwake, na kama inaruhusiwa basi na wao wanataka. Hata yule bwana wa Tabata ameuliza. Bi Sada akasema utafiti umejibu, biashara inalipa, na akataka kujua fundi anaweza kutoa ngapi kwa mwezi. Joanitha alimtazama fundi. Alimwambia Bi Sada atampigia baadaye, akakata.

Kusema kweli alikuwa na jibu alilolitafuta tangu Bakoba. Alitamani asingeuliza.

Simu yake ikatetema tena. Alidhani Bi Sada hajaridhika. Ulikuwa ujumbe, kutoka namba ileile ya mteja wake wa kwanza.

Nimeelekezwa na mteja wako. Nahitaji moja. Mwanamke, yu hai, si mrefu. Sina haraka lakini msichelewe.

Alimtazama baba yake. Alikuwa amelala, mikono miwili mitupu juu ya kifua. Akainua pembe ya kitenge: mfuko wa shati ulikuwa hauna kitu.

Joanitha akainuka. Mlangoni mwa jikoni mama yake alikuwa amesimama akimpa mgongo, anatazama lubugo kule kwenye nyasi, simu ndogo ya vitufe mkononi.

"Maawe," akasema. "Hiyo moja ni ya nani?"

"Hela nitaiweka kesho kwa wakala." Ma Joviana hakugeuka. "Na usiongee kwa nguvu. Baba yako hajui."